Chungu cha Wakisi kwa maharage ya kulaza motoni: kizuri, ila kina masharti

Sufuria ya bati inachemsha maharage. Haiwezi kuyalaza, yaani kuyaivisha polepole kwa saa nyingi juu ya moto mdogo. Kwa pishi la saa nane kwenye makaa, chungu cha Wakisi, kile kinachofinyangwa na akina mama wa Ikombe na kuuzwa mnada wa Jumamosi pale Lyulilo, karibu na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kinaishinda mbali.

Pishi lenyewe lina asili New England, Marekani, kwa Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali wa dini waliotoka Uingereza. Kundi lao kubwa lilifika Massachusetts mwaka 1630. Sabato yao ilianza Jumamosi jua likizama, na kazi za jikoni zilipaswa ziwe zimekwisha kabla ya hapo. Chungu kiliachiwa moto uliobaki. Wasabato wa Mbeya hawahitaji kuelezwa zaidi: ni maandalio yaleyale, yamesogea siku moja. Jumapili walikuwa na ibada asubuhi na nyingine mchana, ndani ya nyumba ya mkutano isiyo na moto hata wakati wa theluji. Anayeijua baridi ya milima ya Uporoto mwezi wa Julai ataelewa kwa nini maharage ya moto yalisubiriwa kwa hamu.

Ukinunua, gonga ubavu wa chungu kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, kichukue. Sauti ikiwa butu, kina ufa hata kama huuoni. Kuta zake ni nyembamba na huchomwa kwenye moto wa wazi, kwa hiyo safari ya kupanda Tukuyu hadi Mbeya inavunja vingi; vile vilivyofungwa kwa majani makavu ya migomba hufika salama zaidi. Kifuniko mara nyingi hakimo kwenye bei, omba kibia kinachokaa vizuri mdomoni.

Usikipeleke motoni siku hiyohiyo. Kiloweke usiku mzima, kisha pika ndani yake uji mwepesi wa mahindi kwa moto mdogo kama saa moja, ukiache kipoe na uji wake. Wanga huziba vitundu vya udongo. Wanaoruka hatua hii ndio wanaolalamika kwamba chungu “kinatoa jasho” na kuzima makaa. Hakijapakwa rangi ya kung'aa, na hilo ni jambo jema: vyombo vingi vya udongo vya walowezi wale vilipakwa mng'ao wenye madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kwa chungu cha lita 4, nusu kilo ya maharage inatosha. Aina ya njano au ile iitwayo soya, lakini ya msimu huu. Ya mwaka juzi hayalainiki hata ukikesha. Loweka Ijumaa jioni, mwaga maji hayo asubuhi. Halafu chemsha kwenye sufuria kwa moto mkali nusu saa, na hapa pasiwe na njia ya mkato, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili inayokufa kwa mchemko mkali tu, na moto wa chini peke yake hauiondoi. Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana kila kitu huchelewa kuiva. Kipimo cha zamani ni kuchota machache kwa kijiko na kuyapuliza. Ganda likipasuka na kujikunja, yako tayari.

Hamishia kwenye chungu na maji yake ya moto, vidole viwili juu ya maharage. Zika katikati kitunguu kizima na robo kilo ya nyama yenye mafuta iliyotiwa chumvi. Wapuritani walitumia nguruwe. Mafuta ya ng'ombe yanafaa vilevile. Molasi, shira nyeusi ya miwa, inayotajwa siku hizi ilizoeleka baadaye, kupitia biashara ya sukari ya visiwa vya Karibi, na ukiitia mapema huchelewesha kulainika. Nyanya nazo hivyohivyo, ziache hadi mwisho.

Kitako ni cha mviringo, kinataka mafiga au mawe matatu ndani ya jiko la mkaa. Makaa machache chini, palia mengine juu ya kibia, kama unavyopalia wali. Saa sita hadi nane. Kila baada ya saa moja na nusu chungulia na uongeze maji yanayochemka. Maji baridi ndiyo adui: udongo wa moto ukikutana nayo unapasuka kwa mlio mmoja, na maharage yote yako jivuni.

Matokeo? Mchuzi mzito bila kuunga, punje nzima zisizopondeka, na harufu ya moshi kidogo ambayo sufuria haitoi. Kula na mkate wa dona na ngano nusu kwa nusu. Wapuritani walichanganya mahindi na rai, nafaka ya jamii ya ngano, kwa kuwa ngano yao haikustawi vizuri.

Kuosha ni kwa maji ya moto na brashi, bila sabuni, maana udongo unainywa na kuirudisha kwenye chakula kijacho. Anika juani hadi kikauke kabisa, la sivyo ukungu.

Kwa nyumba yenye jiko la gesi pekee, chungu hiki ni cha kukiacha sokoni: mwali unapiga sehemu moja ya kitako, na hakichukui muda kupata ufa.