TAHADHARI: Fundi wa "kudunga epoksi" bila kufungua sitaha

Wenye mashua za matanga za faibaglasi, hasa za zamani, someni hii kabla hamjatoa pesa.

Sitaha yangu, yaani sakafu ya juu ya mashua, ilikuwa inabonyea ukiikanyaga karibu na mlingoti. Akaja fundi mwenye maneno matamu: hakuna haja ya kukata, atatoboa vitundu, atadunga epoksi (gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) kwa bomba la sindano, siku mbili kazi imekwisha. Alitaka malipo yote mbele, nikampa. Alipomaliza akapaka juu rangi nzito ya kuzuia utelezi. Nilikanyaga, ikawa ngumu kama jiwe, nikamshukuru kwa moyo wote.

Msimu mmoja tu wa mvua, ikaanza kubonyea tena. Nilipofungua chuma cha kufungia kamba, maji ya rangi ya chai yakachuruzika kwenye matundu ya bolti. Nikakata ganda la juu. Epoksi ilikuwa imeganda kama vijiti, kila kimoja chini ya kitundu chake, na kuvizunguka mbao za balsa, zile nyepesi sana, zimeoza, unazikamua kwa mkono kama sifongo. Iliniuma sana.

Sitaha hizi ni matabaka matatu: faibaglasi juu na chini, katikati balsa au plaiwudi. Maji hupenya kwenye matundu ya bolti ambazo gundi yake ya kuzibia imechakaa, na yakishaingia hayana pa kutokea. Epoksi haishiki mbao iliyolowa, sembuse iliyooza. Kwa hiyo yule fundi aliyafungia maji ndani, kisha rangi ikaficha vitundu. Kudunga kunafaa pale ambapo mbao ni nzima na kavu, ila ganda limebanduka tu. Yeye hakugonga wala kupima unyevu, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Gongeni wenyewe kwa mpini wa bisibisi. Palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipooza mlio hufa. Palipooza pazungushieni alama ya chaki. Halafu toboeni kitundu kutoka upande wa ndani, bila kufika ganda la juu, mtazame unga unaotoka: mkavu na mweupe, au mweusi na majimaji?

Fundi wa kweli atakata ganda, atatoa uozo wote hadi afike kwenye mbao kavu, ataweka mbao mpya kwa epoksi nzito, na kingo za faibaglasi atazichonga kwa mteremko wa kama mara 12 ya unene wake ili kiungo kishike. Matundu ya bolti atayapanua, atayajaza epoksi, igande, ndipo atoboe upya katikati yake. Akiruka hatua hii ya mwisho, maji yatarudi palepale.

Yule fundi wangu simu zangu hapokei tena. Na kama mnanunua mashua ya zamani, mkiona rangi mpya ya kuzuia utelezi imepakwa sehemu moja tu ya sitaha, anzeni kugonga hapo.