Joto lililopotelea mvunguni: uzoefu wangu na hita ya gesi ya trela

Nimekaa na hita hii misimu mitatu ya baridi, na kwa muda mrefu nilikuwa tayari kuiandikia mabaya matupu. Leo nina mazuri mengi ya kuisema. Mabaya yaliyobaki yanamhusu aliyefunga mabomba ya hewa wakati trela inaundwa, maana kazi yake ilinipotezea karibu msimu mzima na ikamlaza mama yangu kwenye baridi.

Trela yetu ina urefu wa mita saba na ushei. Mbele ni sebule na jiko, katikati choo na bafu, nyuma kabisa chumba cha kulala. Hita imefungwa chini ya kabati la jiko. Inachoma gesi ya propani na feni yake inakula umeme wa betri, volti 12. Kibati chake kimeandikwa BTU 30,000 kwa saa, yaani kama kilowati 8.8 za gesi inayoungua. Hata ukitoa joto linalotoka nje na moshi, zinazobaki zinatosha kabisa trela ya ukubwa huu. Hewa moto inasambazwa chini ya sakafu na nyuma ya makabati kwa mabomba laini ya alumini, yale yenye mikunjo mikunjo. Mawili ya sentimita 10 yanaishia mbele, moja la upana huohuo linaenda chumbani, na jembamba la sentimita 5 linaingia bafuni.

Msimu wa pili mama alikuja kukaa nasi. Tulimpa chumba cha nyuma, ndicho chenye kitanda kizuri na mlango wa kufunga. Usiku wa pili, saa kumi alfajiri, niliamka kunywa maji nikamkuta ameketi mbele, miguu ameielekeza kwenye tundu la hewa la jikoni, shali imemfunika mpaka kichwani.

"Mama, mbona hukuniamsha?"

"Lala mwanangu. Nimeshapata pa kuota moto."

Themostati ukutani ilikuwa inasoma nyuzi 21. Nikachukua kipimajoto kidogo cha jikoni nikaenda nacho nyuma, nikakiweka juu ya mto wake. Nyuzi 13.

Asubuhi yake nilianza kutafuta mchawi, na nilianza na gesi, kama wengi wanavyofanya. Nilijua kuwa butani huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo mtungi wenye mchanganyiko wa butani nyingi hukufia usiku wa baridi kali hata kama bado ni mzito. Propani haina shida hiyo, inachemka kwa nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wetu ulikuwa wa propani na jiko lilikuwa linawaka moto wa buluu mzuri. Hapo ningepaswa kujiuliza jambo moja la wazi: gesi ikiwa dhaifu, hita hutoa hewa vuguvugu kila mahali. Kwetu mbele kulikuwa na joto la kutosha kuvua koti. Moto ulikuwepo, tena mwingi. Swali lilikuwa unakwenda wapi.

Fundi wa kwanza niliyemwita hakujiuliza hivyo. Aliwasha hita, akasimama jikoni, akaweka mkono kwenye tundu la mbele na kusema inafanya kazi vizuri, ila ni ndogo, ninunue kubwa zaidi. Hakufika chumbani. Nilimlipa, na bado nasikitika, kwa sababu hita kubwa zaidi kwenye mabomba yaleyale ingeniletea tatizo baya kuliko nililokuwa nalo. Nalijua hilo kwa sababu nililitengeneza mwenyewe wiki hiyohiyo.

Nilifikiri hivi: nikiziba matundu yote mawili ya mbele, hewa haitakuwa na njia ila kwenda nyuma. Nikayafunga. Hita ikawaka, ikanguruma dakika chache, moto ukakata. Feni ikaendelea peke yake, baadaye moto ukarudi, ukakata tena. Ilikuwa hivyo usiku kucha, na nyuma pakawa baridi kuliko mwanzo. Baadaye ndipo nilipoelewa. Ndani ya hita kuna chuma kinachotenganisha moto na hewa ya chumbani, na swichi inayokilinda kisipate joto kupita kiasi. Hewa ikikosa pa kutokea, chuma huchemka, swichi hukata gesi mpaka kipoe. Kijitabu cha hita kinataja idadi ya chini ya mabomba yanayotakiwa kuwa wazi, na mimi nilikuwa nimeshuka chini ya hapo. Kupunguza tundu la karibu kidogo, robo hivi, ni sawa. Kulifunga kabisa, usifanye bila kusoma kijitabu chako.

Nikageukia betri, na hii nakushauri usiiruke. Kwenye hita nyingi za aina hii, mota moja inazungusha mapanga mawili: moja linasukuma hewa ya chumbani, jingine linalisha moto hewa ya kuungua na kutoa moshi nje. Volti zikishuka mota inapungua mwendo, na matundu ya mbali ndiyo ya kwanza kukosa hewa. Zikishuka zaidi, hita haiwaki kabisa, kwa sababu kuna kiswichi chenye ulimi mwembamba ambacho lazima kisukumwe na upepo wa feni ndipo gesi ifunguliwe. Ukisikia feni inazunguka tu bila moto kushika, anza kushuku hapo. Nilipima betri feni ikiwa inafanya kazi, maana kupima ikiwa imezimwa hakukuambii kitu. Mita ilisoma 12.4. Betri haikuwa na kosa.

Kilichobaki ni hewa yenyewe. Mke wangu ndiye aliyetoa wazo la karatasi ya chooni. Alikata vipande vinne vya urefu sawa, akavibandika kila kimoja juu ya tundu lake, tukawasha hita na kusubiri dakika kumi. Vipande viwili vya mbele vilipeperuka vikawa vimelala hewani. Cha bafuni kilitikisika. Cha chumbani kilining'inia vilevile tulivyokiacha. Nikapitisha kipimajoto: jikoni nyuzi 54, sebuleni 51, bafuni 38, chumbani 22. Kwa vipande vya karatasi na kipimajoto tulijua zaidi ya yote niliyoambiwa na fundi.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ndipo lilipokuwa jibu, mvunguni mwa kitanda alichokuwa akilalia mama. Niliondoa godoro, nikainua mbao za kitanda, nikatoa masanduku mawili tuliyokuwa tumehifadhi nguo. Nyuma ya droo kulikuwa na kipande cha plaiwudi kimeshikiliwa na skrubu nne. Nilipokitoa, hewa moto ilinipiga usoni. Kule ndani, ambako hakuna anayelala wala kukaa, palikuwa na joto kama la jikoni.

Nikamulika kwa tochi. Bomba lilikuwa limeungwa na mdomo wa bati wa tundu la chumbani kwa tepu ya kijivu ya kitambaa, na hakuna kingine. Gundi ilikuwa imekauka ikawa unga. Nilipoigusa ilitoka mkononi kama ganda la kitunguu. Bomba lilikuwa limechomoka zaidi ya nusu, linamwaga hewa mvunguni na kwenye nafasi iliyo kati ya sakafu na ubao wa chini. Kama mita moja kabla ya hapo, sanduku letu wenyewe lilikuwa limesukuma ubao wa droo mpaka ukalibana bomba likawa bapa. Na kuanzia hita hadi hapo kulikuwa na bomba refu kuliko umbali wake, limeachwa linalegea na kujikunja kona mbili zisizo na sababu.

Tepu ya kitambaa haistahili kuwekwa kwenye bomba la hewa moto. Joto huikausha gundi, huo ni ukweli unaojulikana na kila anayefanya kazi za hewa, na aliyeunda trela hii alijua kuwa bomba hilo litapitisha hewa ya nyuzi zaidi ya hamsini kila usiku wa baridi. Kosa kama hilo linaweza kukaa miaka, kwa sababu mwenye trela hana namna ya kuliona asipobomoa kitanda.

Matengenezo yalichukua mchana mmoja. Nilizima hita, nikafunga mtungi wa gesi, nikachomoa fyuzi ya feni. Nilikata bomba lililozidi, karibu sentimita 60, kisha nikalivuta lipite moja kwa moja bila kulegea; ndani ya mikunjo hewa inakwaruza, na bomba lililonyooshwa linapitisha vizuri kuliko lililoachwa limejikusanya. Kona mbili zikawa moja, tena pana. Pale lilipokuwa bapa nililirudisha umbo kwa mkono, na nikapigilia kibao kidogo cha kuzuia droo isilifikie tena. Mwisho nililivisha kwenye mdomo wa bati, nikalikaza kwa klipu ya chuma ya kukazia mpira, ile ya bisibisi, na juu yake nikazungusha tepu ya alumini. Kwa kuwa nilishafika huko, nilitambaa mpaka upande wa hita nikakuta bomba la bafuni nalo limeungwa kwa tepu ileile ya kitambaa. Nalo nikalifanyia hivyohivyo.

Usiku ule tulirudia karatasi. Ya chumbani ilipeperuka, mke wangu akapiga makofi. Lakini nyuzi zilikuwa 39 tu, na nilitarajia zaidi. Hapo ndipo tulipogundua la pili, ambalo lilikuwa kosa letu wenyewe. Hita inahitaji kuvuta hewa baridi ya chumba kabla ya kuisukuma ikiwa moto, na ya kwetu inaivuta kupitia wavu ulio chini ya kabati la jiko. Mbele ya wavu huo watoto walikuwa wakiweka viatu na mabegi yao ya shule, na wavu wenyewe ulikuwa umevaa koti la vumbi na nywele za mbwa. Tuliondoa vitu, nikaufyonza vumbi. Tena nilikuwa nafunga mlango wa chumbani ninapopima, jambo linalozuia hewa kurudi mbele. Nilipouacha wazi upana wa kiganja, hewa ikawa inazunguka inavyotakiwa.

Vipimo vya sasa, baada ya dakika kumi: jikoni nyuzi 50, sebuleni 49, chumbani 46, bafuni 41. Themostati ikiwa kwenye 20, mto wa kitanda cha nyuma unasoma 18 au 19 alfajiri. Gesi nayo inakaa zaidi. Mtungi uliokuwa ukituisha kwa siku nne sasa unafika siku ya sita kwa baridi inayofanana.

Jambo moja sikuligusa na sitaligusa. Chumba cha moto cha hita hii kimefungwa, kinavuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi nje, na sehemu hiyo pamoja na bomba la gesi ni ya fundi mwenye ujuzi wa gesi. Kile chuma kikipasuka, gesi yenye sumu, kaboni monoksaidi, inaweza kuingia kwenye hewa mnayolala nayo, na haina harufu wala rangi. King'ora chake kiko ukutani chumbani, nakibonyeza kukijaribu kila tunapofunga safari, na nilikijaribu kabla mama hajalala tena kule. Vilevile chungulia tundu la moshi upande wa nje baada ya trela kukaa muda mrefu. Nyigu hupenda kujenga humo.

Hita yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Inawaka mara ya kwanza, haijawahi kuniangusha tangu niipe njia ya hewa, na kelele ya feni ndiyo iliyoikosesha ya tano, maana chumbani bado inasikika. Kazi ya mabomba naipa moja. Ukiwa unanunua trela, mpya au iliyotumika, omba iwashwe hita, kisha nenda mwenyewe mpaka kwenye tundu la mbali kuliko yote na kipande cha karatasi mkononi. Muuzaji akikuambia joto litafika likishazoea, toa droo za chini umulike nyuma yake.

Bafuni bado sijaridhika. Bomba la sentimita 5 linapitisha robo ya eneo la lile la sentimita 10, na hakuna tepu itakayobadilisha hilo. Hita ina tundu moja ubavuni ambalo halijatobolewa, limewekwa kwa ajili ya bomba la ziada, na kabati linaruhusu. Nimeshapima njia, ni mita moja na nusu na kona moja. Mama anarudi mwezi ujao, na yeye huoga alfajiri.