Hita ya feni au hita ya mafuta kwa baridi ya Njombe?

Kila Juni, baridi ikianza kung'ata Njombe na Makete, swali hurudi lile lile. Nazungumzia hita za umeme tu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua, hilo halina mjadala.

Muuzaji akikuambia moja kati ya hizi "haili umeme", mwache aongee. Zote hugeuza karibu umeme wote kuwa joto: wati 2,000 kwa saa moja ni uniti 2 za LUKU. Ikiwaka mfululizo saa tatu kila jioni, ni uniti 180 kwa mwezi. Aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo, ambayo ukomo wake ni uniti 75, ameshatoka humo.

Dukani, ya feni ni nafuu zaidi. Dakika chache tu unavua koti, ila ukiizima baridi nayo inarudi. Inavuma, na vumbi lake lazima ulisafishe.

Ya mafuta (yamefungwa ndani, hayaungui wala hayaongezwi) ni nzito na inachelewa kupasha chumba. Lakini iko kimya, na umeme ukikatika inaendelea kutoa joto kwa muda. Chumba cha mtoto ningeweka hii.

Kama unavaa na kutoka alfajiri, feni inakutosha. Mnaokaa sebuleni hadi saa nne usiku, ya mafuta. Yoyote ile, ichomeke kwenye soketi ya ukutani, si ekstensheni, na kwanza ziba ule mwanya chini ya mlango.