Breka za umeme wa gari: ipi uinunue, ipi uiache dukani

Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, boksi lake la fyuzi linatosha. Haja ya breka, yaani swichi inayokata umeme yenyewe mzigo ukizidi na inayoweza kuunga tena, huja unapoanza kuongeza vitu: inveta ya kuchajia kamera za wageni kwenye Land Cruiser ya utalii, friji nyuma ya Noah, emplifaya kwenye matatu, betri ya pili, taa za ziada juu ya Fuso. Kila kimoja huvuta waya mpya kutoka betri, na waya huo ndio wa kuuogopa kuliko kifaa chenyewe. Betri ya kawaida ikipigwa shoti humwaga mamia ya ampea, pengine maelfu, na waya usio na ulinzi huwaka chini ya zulia kabla dereva hajajua harufu inatoka wapi.

Niseme mapema: sioni breka kuwa ni fyuzi iliyoboreshwa. Fyuzi hukata mara moja ikafa, na kwenye waya ambao ukikata maana yake kuna hitilafu, ndivyo ninavyotaka. Breka ina nafasi yake pale ambapo mzigo unaweza kuzidi bila kitu kuharibika, kama abiria aliyechomeka pasi kwenye inveta, au pale unapotaka kuzima saketi nzima bila kutafuta spana. Mahali pengine kote, nunua fyuzi nzuri na kishikio chake, na chenji itakayobaki ikaongeze unene wa waya.

Kabla ya kuingia dukani, piga hesabu. Inveta ya wati 1000 kwenye volti 12 inaonekana kuvuta ampea 83. Lakini inveta yenyewe hupoteza umeme kidogo, na betri ikishuka hadi volti 11 unafika karibu ampea 105. Breka ya 100 itakukatia kila siku mchana. Chukua mzigo wako mkubwa wa kuendelea, zidisha kwa 1.25, kisha panda hadi saizi inayopatikana. Hapa ni 150. Sasa hakikisha waya unaibeba hiyo 150. Kwa inveta hii mimi ningevuta waya laini wa shaba wa milimita 35 za mraba. Kama waya ulionao ni mwembamba, breka ndiyo inayoshuka, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya. Kwenye lori la volti 24 ampea zinakuwa nusu, na hapo gharama nzima inapungua.

Ya kwanza: breka ya kufungwa kwa skrubu, inayorudishwa kwa mkono

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa saketi yoyote kati ya ampea 25 na 150. Mifano inayojulikana ni 187 na 285 za Bussmann, ambazo Blue Sea Systems pia huziuza kwa namba hizohizo. Ina kitufe chekundu cha kuikata mwenyewe na mkono wa kuirudisha. Ikikata, inabaki imekata mpaka mtu aje, yaani mtu anapata nafasi ya kuangalia kilichotokea. Na huwezi kuilazimisha: ukishikilia mkono wake wakati shoti bado ipo, ndani inakata vilevile.

Angalia namba kwa makini. Bussmann 184, 185 na 187 zina umbo moja. 184 hujirudisha yenyewe, 185 hurudishwa kwa mkono lakini haina kitufe cha kuzimia, 187 ina vyote viwili. Muuzaji wa Kariakoo au Kirinyaga Road anaweza kukupa yoyote kati ya hizo kwa moyo safi kabisa, maana kwake zote ni "breka ya mia". Alama ya SAE J1171 ni nyongeza ya maana ukifunga karibu na mvuke wa petroli, kwa mfano kwenye boti: inamaanisha cheche ya ndani haiwezi kuwasha mvuke wa nje.

Breka hizi hukata kwa joto, kwa hiyo mzigo ukizidi kidogo zinaweza kuchukua dakika kadhaa, na zikifungwa jirani na ekzosi hukata mapema hata kama hakuna kosa. Kipimo cha kwenye lebo kwa kawaida hutolewa kwa nyuzi 25. Chini ya boneti Mombasa au Dar hakuna nyuzi 25. Ifunge mbali na injini, lakini isiwe mbali na betri. Kila sentimita ya waya kati ya betri na breka haina mlinzi, na sentimita 20 ndizo ninazozivumilia.

Ya pili: breka ndogo ya kuchomeka mahali pa fyuzi bapa

Inafaa kwa mizigo hadi ampea 30, kama soketi ya kuchajia simu ambayo abiria huizidishia kila safari. Chagua yenye kitufe. Pima kimo chake kwanza, kwani mara nyingi hurefuka kuliko fyuzi na kifuniko cha boksi hakifungi. Fyuzi za kiwandani za airbag, ABS na kompyuta ya injini usiziguse.

Ya tatu: kopo dogo la chuma lenye boliti mbili

Ni rahisi, imara, na hupatikana kuanzia ampea 10 hadi 50. Boliti yenye alama BAT inakwenda betri, AUX inakwenda kwenye mzigo. Shida ni kwamba kwa macho huwezi kujua itakavyojirudisha. Aina ya I hukata, ikapoa, ikaunga tena, na itaendelea hivyo usiku kucha huku shoti ikiupasha waya joto. Aina ya II ina hita ndogo ndani inayoizuia kuunga mpaka uzime umeme wa saketi. Kama muuzaji hajui ni ipi, achana nayo.

Aina ya I ina sehemu moja ninayoikubali: taa kubwa za mbele, na mota za waipa na vioo. Kwenye kona za Sekenke usiku, taa zinazozima na kuwaka ni afadhali kuliko giza.

Ya nne: ile ya bei poa yenye kitufe chekundu na mkono wa njano

Imejaa mtandaoni na kwenye maduka ya redio za magari. Inafanana na ya kwanza, imeandikwa 12-48V, na haina jina wala kiwango chochote. Sisemi zote ni mbovu, ila zinatofautiana mno. Ukishainunua, iwekee mzigo unaokaribia kipimo chake kwa nusu saa, kisha pima volti kati ya boliti zake mbili. Ukikuta 0.2 kwenye ampea 100, hapo wati 20 zinageuka joto ndani ya plastiki, irudishe dukani. Kwa kupima ampea hakikisha mita yako ya kubana (inayoubana waya kwa nje) inasoma umeme wa DC, yaani wa betri, maana nyingi za bei nafuu husoma wa AC tu, yaani wa nyumbani.

Kwenye betri ya lithiamu isiwe ulinzi wako wa pekee kamwe. Betri hizo zikipigwa shoti hutoa mkondo mkubwa kuliko breka nyingi zinavyoweza kuukata. Weka kwanza fyuzi ya Class T, inayoweza kukata hadi ampea 20,000, kisha ndipo breka ifuate.

Nje ya orodha: breka ya nyumbani

Mafundi wengine huifunga kwa sababu ipo kila duka la umeme. Umeme wa nyumbani hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inayoruka breka inapofunguka hufa hapo. Umeme wa betri haupiti sifuri, kwa hiyo cheche inaweza kuendelea kuwaka hadi iunguze breka. Zipo za sola zilizotengenezwa kwa DC, lakini baadhi zina upande maalumu wa chanya na hasi, na ukizigeuza hazikati vizuri. Tena zimeumbwa kukaa ukutani, na barabara ya vumbi yenye matuta italegeza skrubu zake.

Stata na winchi kubwa usizipitishe kwenye breka yoyote kati ya hizi. Winchi ikivuta kwa nguvu zote inaweza kupita ampea 400. Ipe swichi kuu ya betri yenye uwezo huo, na uizime kila unapomaliza.