Mashine ya presha ya nyumbani: inafanya kazi, ubishi ni wenu

Hii mashine nilinunua kwa duka la dawa nyuma ya River Road, elfu tatu na mia tano, ile ya kufunga mkono wa juu, betri nne. Nimeipenda. Namba ni kubwa hata mama anasoma bila miwani, na inaweka vipimo vya watu wawili bila kuvichanganya. Kijitabu cha maelezo ndo takataka, usisumbuke nacho.

Nilinunua manake mama alikuwa akisema hana presha kwa sababu kichwa hakimuumi, na ploti yetu yote iko hivyo, ati mimi najijua, mwili ukiwa na shida utaniambia. Malaria sawa, itakwambia. Presha haisemi. Unaweza kuwa 170 kwa 100 na unabeba magunia Gikomba, unacheka, unalala fiti, na figo na mishipa ya ubongo inaumia polepole. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu robo ya watu wazima Kenya wako na presha ya juu na zaidi ya nusu ya watu wazima wote hawajawahi kupimwa hata siku moja, sasa hebu waulize hao, wote watakwambia wako poa.

Mzee wa nyumba ya chini yeye hunijibu na babake, chumvi na nyama choma maisha yote, akafika tisini na kitu. Sikatai. Lakini wale waliokula hivyo hivyo wakaangushwa na stroki wakiwa na hamsini hawako hapa kwa ngazi jioni kusimulia yao, ni kama mtu wa nduthi aseme helmeti ya nini na yeye hajawahi kuanguka. Halafu si watu wa ploti tu, Roosevelt, rais wa Marekani, alikufa kwa stroki Aprili 1945, presha yake siku hiyo ilisoma 300 kwa 190, na daktari wake alikuwa ameambia watu mzee yuko sawa kwa umri wake! Najua, nami nimeleta hadithi ya mtu mmoja. Basi chukua utafiti wa Framingham, mji wa huko huko Marekani, 1948 walianza kufuata watu 5,209, wakawafuata miaka na miaka, na ndo ikaonekana wazi kwamba presha ya juu si mambo ya uzee tu, inatangulia ugonjwa wa moyo na stroki.

Lakini wenye takwimu nao wasitukalie. Mama alipoanzishiwa enalapril, dawa ya presha, alishikwa na kikohozi kikavu, usiku kucha, na kwa kliniki fulani akaambiwa ni vumbi ya mtaa. Kumbe hizo dawa zinajulikana kuleta kikohozi kwa watu wengine, wengi hawapati, ila ukishakipata wewe, hao wengi hawakusaidii kulala. Daktari mwingine akamskiza mama mpaka mwisho, akambadilishia losartan, kikaisha. Hapo neno la mgonjwa ndo lilikuwa kipimo, hakuna mashine ingeona hiyo.

Sasa kosa lenye naona watu wanafanya na hii kitu ni kupima mara moja, mtu ametoka kupanda ngazi, anaongea na simu, inasoma juu anaanza kuaga watoto. Ama inasoma chini anatupa dawa. Kipimo kimoja nacho ni hadithi tu. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi usawa wa moyo, nyamaza, pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni, wiki nzima, andika. Nyumbani wanahesabu juu kuanzia 135 kwa 85, hospitali ni 140 kwa 90, manake foleni na koti jeupe la daktari zinapandisha watu presha. Ya mama hospitali huwa juu kila mara, na lile daftari ndo daktari huangalia kabla aguse dozi.

Mkanda inayokuja nayo ni ya mkono wa sentimita 22 hadi 32. Mkono ukiwa mnene kuliko hapo itakudanganya, itasoma juu kuliko ukweli. Mzee wa chini alipokubali kupimwa haikumtosha kabisa, ikabidi nitafute kubwa kando na hiyo bei ni wizi, kwa hivyo pima mkono nyumbani na uitishe mkanda yako kabla hujalipa.