Sumaku gani ununue ukiwa Mtwara (na ipi italiwa na chumvi)

Msumari ukidondoka mchangani pale mnapogonga mashua, au nati ikizama kwenye injini ya pikipiki, ndo unakumbuka huna sumaku. Ukienda mjini utaambiwa chukua hii ya kung'aa ina nguvu balaa, na kweli inayo, ila subiri kwanza.

Namba moja kwangu ni ile nyeusi, feraiti, ya duara yenye tundu katikati inayokaa nyuma ya spika. Hata dukani usiende, pita kwa fundi redio muulizie spika zilizoungua, maana kinachoungua ni koili, sumaku inabaki nzima. Nguvu yake ya kawaida tu lakini imetengenezwa kwa oksidi ya chuma, yaani yenyewe ni kama kutu iliyokwishapikwa, sasa chumvi ya bahari itaila nini tena? Ubaya wake inavunjika kama kigae. Ikivunjika usilie, kila kipande kinakuwa sumaku kamili, kina kaskazini yake na kusini yake.

Namba mbili ndo hiyo ya kung'aa, neodimiamu. Kidude kama kifungo cha koti kinanyanyua spana. Mimi nilinunua mbili nikaziweka kwenye boksi la vifaa huku Shangani, moja ilikuwa imechubuka nikeli, lile ganda la kung'aa la juu, kidogo tu kwenye kona, haikumaliza masika ikawa imevimba inamenyeka kama andazi la juzi, ukiigusa unabaki na unga mweusi kidoleni. Na joto haipendi, zile za kawaida zikipita nyuzi 80 zinaanza kupoteza nguvu na ikishatoka hairudi yenyewe, kwahiyo usiigandishe kwenye egzosi. Kama una watoto wadogo mi naona uiache kabisa, mtoto akimeza mbili zinavutana tumboni zinabana utumbo, hapo ni hospitali mbio.

Ya tatu ni sumaku ya umeme, unajisukia: msumari wa inchi 4, waya wa shaba wenye vanishi ule wa kusukia mota, betri. Mizunguko mingi, nguvu zaidi. Raha yake ukikata umeme inaachia vyote chini, ubaya betri inachemka na kuisha upesi.

Za kubandika kwenye friji hata sizipangi namba.

Dukani nenda na nati yako mwenyewe. Weka kipande cha boksi kati ya nati na sumaku, halafu cha pili, cha tatu, utaona nguvu inavyoporomoka, kwa sababu umbali kidogo tu unaimaliza. Usipimie sufuria ya aluminiamu wala waya wa shaba, havitashika hata ukiletewa sumaku ya winchi, na stenlesi nyingi ni hivyohivyo.

Ukivuka nayo kwenda Msanga Mkuu kwa mashua, kaa nayo mbali na dira ya nahodha.