Chupa, kidumu au mfuko wa mrija: ununue kipi kabla ya kushuka Shimo la Mungu

Kila ikifika Septemba, korosho zinapoanza kuanguka, hakosi rafiki wa Mtwara mjini wa kuniuliza anunue viatu gani vya kushukia Shimo la Mungu, lile bonde kubwa kule Newala. Namjibu kwamba alivyonavyo vinatosha, mradi mguu umeshavizoea. Swali lenye maana ni maji atayabeba kwenye nini.

Mlima unaupanda asubuhi ukiwa na nguvu, jioni unateremka. Bonde ni kinyume chake. Mji wa Newala uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, kwa hiyo unaanza kwa kuteremka, unajiona hodari, kumbe kazi yenyewe inakungoja saa saba mchana, jua la utosi, unaporudi juu. Hata kwenye Grand Canyon, lile korongo kubwa kule Arizona, Marekani, wazoefu huhesabu kwamba kupanda kunachukua muda mara mbili ya kuteremka, na kwamba siku ya joto mtu anahitaji kama lita 4. Lita moja ni kilo moja, basi una kilo 4 begani na hujaweka hata kipande cha muhogo. Usitegemee kisima njiani. Uwanda wetu ni mchanga unaokunywa mvua yote, ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakiteremka bondeni na mitungi. Na habari za mvua za vuli ni za wenzetu wa kaskazini. Kusini tuna msimu mmoja tu, nao hauanzi mpaka Novemba au Desemba. Oktoba makorongo ni makavu.

Namba moja kwangu ni chupa za maji ya dukani, zile za lita moja na nusu, tatu. Najua zinaonekana za kimaskini. Lakini ikiwa tupu haina uzito wa kutajwa, unaipata kila genge, na ikipasuka umepoteza theluthi ya maji, si yote. Pia zinakufundisha kujipimia: moja ya kuteremkia, moja ya kupandia, ya tatu huigusi mpaka uone mapaa ya mji. Chagua zenye plastiki ngumu kidogo. Nyingine siku hizi ni laini kama mfuko, ukiziminya zinakunjamana na mfuniko unalegea. Tena usizigeuze za mwaka mzima. Zikishaanza mikunjo, nunua nyingine.

Namba mbili ni kidumu cha lita 5, na hiki sikibebi safari nzima. Mkiwa wawili watatu, mnashuka nacho kwa zamu hadi nusu ya njia, mnakiacha kivulini, mnaweka alama, mnakikuta wakati wa kurudi. Anayepanda akiwa amechoka akakuta maji yake yanamsubiri, hata maneno yake yanabadilika. Kinunue kipya au kilichokuwa cha mafuta ya kula. Kilichowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya mikorosho usikiguse hata ukipewa bure. Harufu inaisha, sumu haiishi.

Chupa ya stili inafuata. Ni imara, na ile yenye kuta mbili inatunza ubaridi, ila kwa lita moja inaweza kufika karibu nusu kilo ikiwa tupu. Ichukue kama unayo nyumbani, usiinunue kwa ajili ya safari hii.

Mfuko wa maji wenye mrija nauweka mwisho, na vijana watanichukia. Nilinunua mmoja, nikajiona mpanda milima wa kwenye televisheni. Kidomo chake kilibanwa ndani ya begi, kikavuja njia nzima; nilipofika chini nilikuwa na shuka mbichi, unga uliogeuka uji, na maji ya kumeza mara mbili. Isitoshe, maji yakiwa mgongoni huyaoni yanavyopungua. Ukiupenda, beba na chupa moja kando.

Mengine ni madogo. Beba korosho zilizokaangwa kwa chumvi, kwa sababu anayetoka jasho na kunywa maji matupu siku nzima anaweza kuugua vilevile. Vidonge vya klorini pia, maana ukilazimika kuchota bondeni utatia dawa na kusubiri nusu saa. Mto Ruvuma wenyewe usiufuate kwa kiu: una mamba na viboko, halafu ng'ambo ni Msumbiji, kwa hiyo pitieni kwanza ofisi ya kijiji mjitambulishe.

Usiku wa kabla ya safari jaza kila chombo, kifunge, kilaze ubavu juu ya gazeti. Asubuhi gazeti likiwa na doa, chombo hicho kinabaki nyumbani.